Kinasi ya ABL1 ya binadamu kwa kazi ya maabara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka kuagiza ABL1 rekombinanti, au ambaye tyubu tayari imo kwenye friza yake na matokeo hayaeleweki. Shida nyingi tunazoulizwa zina mzizi mmoja: tyubu mbili zenye jina "ABL1" zinaweza kuwa na vimeng'enya viwili vyenye tabia tofauti kabisa. Karatasi ya maelezo inayokuja na bidhaa ndiyo ya kusomwa kwanza, kabla ya pipeti kushikwa.

ABL1 ni nini, na kwa nini maabara nyingi zinaitaka?

Ni kimeng'enya cha jamii ya kinasi za tairosini. Huchukua fosfati ya mwisho ya ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) na kuipachika kwenye tairosini ya protini nyingine, na kwa njia hiyo kazi fulani ndani ya seli huwashwa au kuzimwa. Kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 2002, binadamu ana jeni za kinasi 518, na 90 kati ya hizo ni za tairosini.

ABL1 ilipata umaarufu wake kutokana na ugonjwa. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu moja fupi kuliko kawaida kwenye seli za wagonjwa wa lukemia sugu ya mieloidi. Ndiyo inayoitwa kromosomu ya Philadelphia. Mwaka 1973 Janet Rowley alionyesha kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimebadilishana vipande. Jeni ya ABL1, ambayo makao yake ni kromosomu ya 9, hujikuta imeungana na jeni nyingine, BCR, kwenye ile ya 22, na protini inayotoka hapo hufanya kazi bila breki. Imatinib, dawa iliyotengenezwa kuizuia, iliidhinishwa Marekani Mei 2001. Tangu hapo ABL1 imekuwa kinasi ya kujifunzia: ina vizuizi vingi, miundo yake ya kioo imechapishwa kwa wingi, na mabadiliko yake yanayoleta usugu wa dawa yanajulikana moja moja.

Nikihitaji BCR-ABL1, naweza kutumia ABL1 ya kawaida?

Kwa kupima vizuizi vinavyokaa kwenye mfuko wa ATP, mara nyingi ndiyo, kwa sababu domeini ya kinasi (sehemu inayotia fosfati) ni ileile. Kwa maswali ya udhibiti, hapana. Muungano na BCR huondoa kipande cha mwanzo cha ABL1 ambacho ni sehemu ya breki yake, na BCR yenyewe huleta eneo linalokusanya molekuli kadhaa pamoja ili zitiane fosfati.

Inatengenezwa kwenye seli gani, na hilo linanihusu nini?

Linakuhusu sana. Njia mbili ndizo zilizozoeleka. Ya kwanza ni seli za wadudu, hasa Sf9 zilizotokana na nondo Spodoptera frugiperda, zinazoambukizwa bakulovirusi iliyobeba jeni ya ABL1. Huko protini hukunjwa vizuri, na kwa kawaida hutoka ikiwa tayari imejitia fosfati.

Ya pili ni bakteria E. coli. Kinasi ya tairosini iliyoachwa huru ndani ya bakteria humsumbua mwenyeji wake: mavuno huwa haba na sehemu kubwa ya protini huganda kuwa vibonge visivyoyeyuka. Dawa yake, iliyochapishwa mwaka 2005, ni kuzalisha pamoja na kinasi kimeng'enya kingine kiitwacho YopH, ambacho huondoa fosfati kwenye tairosini kila inapowekwa. Domeini ya kinasi inayopatikana hivyo ni safi, na haina fosfati.

Kwa hiyo ukiambiwa "imetoka E. coli" au "imetoka Sf9", tayari unaanza kukisia hali yake ya fosfati. Usiishie kwenye kukisia, lakini. Muulize muuzaji kama ameipima kwa spektrometa ya masi, ambapo kila fosfati huonekana kama ongezeko la daltoni 80 hivi.

Kwenye lebo kuna namba kama 229–512. Zinasema nini?

Zinasema kipande gani cha protini umeuziwa. ABL1 nzima ina asidi amino 1130 kwa umbo la 1a na 1149 kwa umbo la 1b. Wauzaji wachache huuza ndefu nzima. Wengi huuza domeini ya kinasi peke yake, au domeini hiyo pamoja na SH3 na SH2, domeini mbili ndogo za udhibiti zinazotangulia.

Hapa pana mtego. Maumbo ya 1a na 1b hutofautiana mwanzoni tu, lakini tofauti hiyo husogeza hesabu kwa 19. Threonini ya 315 kwa hesabu ya 1a ni ya 334 kwa 1b. Tairosini ya kitanzi cha uamilishaji ni 393 kwa 1a, 412 kwa 1b, na maandiko hutumia zote mbili, wakati mwingine ndani ya aya moja. Kabla ya kuagiza kingamwili dhidi ya "Y412" ukidhani ni mahali pengine tofauti na "Y393", toa 19 kwanza.

Nichague yenye GST au yenye tagi ya histidini?

Zote mbili ni vipande vinavyounganishwa na kinasi ili isafishwe kwa urahisi. Kama unapima utendaji wa kimeng'enya tu, yoyote itafaa. GST ina uzito wa kilodaltoni 26 hivi na husaidia protini kuyeyuka, ila yenyewe hupenda kukaa wawili wawili. Kinasi mbili zikiletwa karibu hivyo hutiana fosfati kwa urahisi zaidi, na kwenye vipimo vya kushikamana kwa uso wa sensa zinaweza kuonekana zinashika kwa nguvu kuliko ilivyo kweli. Kwa kioo, kwa sensa za uso, au kwa chochote kinachohitaji molekuli moja moja, chukua ya histidini, na ikiwezekana ile ambayo tagi yake imeshakatwa.

Imatinib yangu inaonekana dhaifu mara nyingi kuliko ilivyoandikwa kwenye machapisho. Kosa ni langu?

Pengine si lako. Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote.

Imatinib haishiki ABL1 katika hali yoyote ile. Huingia pale kitanzi cha uamilishaji kinapokuwa kimekunjwa ndani na ule utatu wa asidi aspati, fenilalanini na glisini mwanzoni mwake umegeukia nje, yaani kinasi imelala. Tairosini ya 393 ikishatiwa fosfati, kitanzi hufunguka na hali hiyo ya kulala huwa adimu, kwa hiyo imatinib hupata nafasi chache za kuingia. ABL1 isiyo na fosfati huzuiwa na imatinib vizuri zaidi kuliko ile iliyotiwa fosfati. Ukinunua kimeng'enya "chenye utendaji wa juu" kutoka seli za wadudu, umenunua kile hasa ambacho imatinib haikipendi.

Fanya jaribio hili. Chukua dasatinib, dawa nyingine ya kuzuia ABL1, ambayo haichagui sana kati ya hali hizo mbili, uipime sambamba na imatinib kwenye sahani moja. Dasatinib ikitoa IC50 (ukolezi unaokata utendaji kwa nusu) ya chini ya nanomola chache kama inavyotarajiwa huku imatinib ikiwa imepanda, basi kipimo chako ni kizima na kinachoonekana ni hali ya fosfati. Zote mbili zikipanda, tafuta tatizo kwingine: ATP nyingi mno, kimeng'enya kingi mno, au dawa iliyoharibika kwenye kiyeyushi chake, DMSO.

Ukitaka kuhakikisha zaidi, ondoa fosfati kwa fosfatasi ya tairosini kama PTP1B au YopH, kisha iondoe fosfatasi yenyewe kabla ya kupima. Ikibaki, itakula pia fosfati za sabstreti yako (protini au peptidi inayopokea fosfati), na utapata matokeo ya ajabu kuliko yale uliyokuwa unayatafutia maelezo. Njia ya kinyume, yaani kuitia fosfati, ni rahisi zaidi: weka kinasi na ATP pamoja na magnesi kwa nusu saa hadi saa moja, halafu pitisha kwenye safu ya kuondoa chumvi.

Na mpe kizuizi muda. Changanya kimeng'enya na imatinib kwa dakika 15 hadi 30, ndipo uanzishe mmenyuko kwa ATP. Ukianza na ATP, unakipima kizuizi kabla hakijakaa.

T315I ni nini, na kuna haja ya kuinunua?

Ni ABL1 ambayo threonini ya 315 imegeuka kuwa isolusini. Asidi amino hiyo hukaa mlangoni mwa mfuko wa ndani kama bawabu. Threonini huifungia imatinib kwa kifungo cha haidrojeni. Isolusini haina kifungo hicho na ni nene zaidi, kwa hiyo imatinib, dasatinib na nilotinib zote hukwama. Ponatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012, ilibuniwa ipite pembeni yake. Kama unatafuta vizuizi vipya, T315I ni ya lazima. Kama unafundisha wanafunzi jinsi ya kupima kinasi, tyubu mbili, ya kawaida na ya T315I, zitatosha somo zima la usugu wa dawa.

Kizuizi changu ni cha aina ya asciminib na hakifanyi chochote. Je, protini imekufa?

Angalia kwanza namba za mwanzo na mwisho wa kipande. Asciminib, iliyoidhinishwa Marekani Oktoba 2021, haigusi mfuko wa ATP. Hukaa kwenye shimo lililo upande wa pili, kwenye nusu ya chini ya kinasi, ambako umbo la 1b huingiza asidi ya miristi (asidi ya mafuta) iliyo mwanzoni mwake ili kujifunga breki. Kipande kilichokatwa mapema mno mwishoni kinaweza kukosa sehemu ya helisi inayokunja kuta za shimo hilo. Kisichokuwa na SH3 na SH2 nacho hukosa vile vinavyobana kinasi ili itulie baada ya shimo kujazwa. Kwa kazi hii tafuta kipande kinachoanza karibu na 64 na kufika angalau 515.

Jambo jingine: miristi yenyewe. E. coli haina kimeng'enya cha kuipachika. Seli za wadudu zinacho, lakini ukiweka GST mbele ya protini, glisini inayopaswa kubeba miristi haiko mwanzoni tena. ABL1 ya 1b yenye GST mbele haina miristi, hata lebo ikisema nini kuhusu umbo la 1b.

Tyubu imefika na barafu kavu imekwisha. Niitupe?

Usiitupe, na usiirudishe kwenye friza ilivyo. Ishike: kama bado ni baridi, iweke kwenye barafu ya kawaida, izungushe kwenye sentrifuji kwa sekunde chache ili matone ya kifunikoni yashuke, kisha ipime utendaji siku hiyohiyo. Mwandikie muuzaji siku hiyohiyo pia, ukiwa na picha ya boksi. Wengi hubadilisha bila ubishi ukiwahi.

Niihifadhi vipi?

Nyuzi joto −80, katika vipimo vidogo vya matumizi ya mara moja. Usiitunze kwenye friza ya −20 ya aina inayojiyeyusha barafu yenyewe, kwa sababu joto lake hupanda na kushuka kila mara. Yeyusha juu ya barafu, changanya kwa kugonga tyubu kwa kidole, usitikise kwa mashine. Kilichobaki baada ya kazi hakirudi.

Bafa gani?

Ya kuanzia: Tris au HEPES milimola 50 kwa pH 7.5, kloridi ya magnesi milimola 10, DTT milimola 1 hadi 2, EGTA milimola 0.1, na Brij-35 asilimia 0.01. Magnesi si pambo. ATP huingia kwenye kinasi ikiwa imeshikana nayo, na EDTA, kemikali inayokamata metali, iliyoletwa na sampuli yako itaivuta na kuzima mmenyuko. Ndiyo maana EDTA hutumika pia kuusimamisha.

DTT iongezwe siku ya kazi. DMSO iwe asilimia 1 au chini, na iwe sawa kwenye visima vyote, hata vile visivyo na kizuizi. Kwenye myeyusho uliozimuliwa sana ongeza albumini ya ng'ombe, karibu miligramu 0.1 kwa mililita, la sivyo kimeng'enya kitabaki kwenye kuta za plastiki.

Kuhusu pH, kuna kisa ambacho hakichuji. Mwaka 1979, kwenye Taasisi ya Salk, Tony Hunter alikuwa akitenganisha asidi amino zenye fosfati kwa umeme. Bafa yake ilikuwa imetumika mara nyingi hadi pH ikashuka kutoka 1.9 hadi 1.7 hivi. Kwa pH iliyokusudiwa, fosfotairosini ingesafiri pamoja na fosfothreonini na asingeiona. Kwa ile bafa chakavu zilitengana, na fosfati kwenye tairosini ikagunduliwa. Sisi tunashauri utumie bafa mpya.

Sabstreti ipi inafaa?

Mbili hutumika sana. Abltide ni peptidi fupi, EAIYAAPFAKKK, yenye tairosini moja ya kupokea fosfati. Lisini tatu za mwisho huipa chaji chanya ili ishikwe na karatasi ya P81, yenye chaji hasi, wakati wa kuosha kwa asidi ya fosfori.

Nyingine ni polima ya glutamati na tairosini kwa uwiano wa 4 kwa 1. Ni nafuu na hukubaliwa na kinasi nyingi za tairosini, ila ina chaji hasi, hivyo P81 haitaishika. Hesabu ikitoka sifuri na kila kitu kingine kiko sawa, angalia kama hujaoanisha polima hii na karatasi isiyo yake.

Nitumie kimeng'enya kiasi gani? Mikrogramu 10 zinaonekana chache sana.

Si chache. Tuseme tyubu ina mikrolita 50 za miligramu 0.2 kwa mililita, na protini ni ya kilodaltoni 60. Huo ni ukolezi wa mikromola 3.3. Kisima cha mikrolita 20 chenye nanomola 2 kinahitaji nanogramu 2.4 tu. Kwa karatasi na kalamu, tyubu hiyo ni visima zaidi ya 4,000.

Tabu iko kwenye kuzimua. Ukiweka mikrolita 10 za myeyusho wa nanomola 4 kwa kila kisima, unahitaji kuzimua mara 830 hivi, na hilo halifanywi kwa hatua moja. Chukua mikrolita 2 kwenye mikrolita 38 za bafa baridi, kisha mikrolita 10 za hiyo kwenye mikrolita 410. Gliseroli iliyo kwenye tyubu ni nzito: vuta polepole, acha ncha ya pipeti itulie kidogo, na usiichovye ndani kabisa, maana kinachonata nje ya ncha kitaingia kwenye hesabu.

Usikope nanomola 2 kwetu bila kupima. Weka mfululizo, mathalani kutoka 0.25 hadi 8, na upime kwa dakika 10, 20, 40 na 60. Chagua ukolezi ambao mstari bado umenyooka na sabstreti iliyotumika haijazidi asilimia 10.

Na ATP?

Karibu na Km (ukolezi wa ATP unaotoa nusu ya kasi ya juu kabisa) ya kimeng'enya ulichonacho, uliyoipima mwenyewe kwenye bafa yako. Vizuizi vya mfuko wa ATP hushindana na ATP, na kwa mlinganyo wa Cheng na Prusoff wa mwaka 1973, IC50 ni Ki (kipimo cha nguvu halisi ya kizuizi) mara (1 + ATP ÷ Km). Km ikiwa mikromola 20, ATP ya mikromola 20 hutoa IC50 iliyo mara mbili ya Ki. ATP ya milimola 1, ambayo iko karibu zaidi na ya ndani ya seli, hutoa mara 51. Kizuizi kilekile, kimeng'enya kilekile. IC50 isiyoandikiwa ukolezi wa ATP haiwezi kulinganishwa na nyingine yoyote.

Kizuizi kizuri sana hakishuki chini ya nanomola 1. Kwa nini?

Umefika sakafu. IC50 haiwezi kuwa chini ya nusu ya ukolezi wa kimeng'enya kilicho hai kisimani. Kwa nanomola 2 za kimeng'enya, sakafu ni 1. Punguza kimeng'enya na urefushe muda, au tumia mlinganyo wa Morrison, wa vizuizi vinavyoshika kwa nguvu sana.

Hali hiyohiyo inaweza kukufaa. Weka kimeng'enya kingi, ongeza dasatinib kidogo kidogo, na uangalie utendaji unapokatika. Hapo utajua ni sehemu gani ya protini iliyo hai kweli. "Usafi zaidi ya asilimia 90" kwenye lebo ni usafi wa geli, na geli huonyesha mzima na mfu kwa rangi moja.

Nipime kwa njia gani?

Mionzi ya fosforasi 33 bado ndiyo ya kuaminika zaidi kwa wenye kibali. Nusu uhai wake ni siku 25 hivi, na ni pole kuliko fosforasi 32 yenye siku 14. Njia za mwanga zinazopima ADP hufaa sahani nyingi, lakini huhesabu ADP ya kimeng'enya chochote kinachokula ATP. Weka kisima chenye kinasi na dasatinib ya kutosha. Mwanga unaobaki hapo ni uchafu. Kingamwili dhidi ya fosfotairosini, kama 4G10, ni nzuri kwa kuona, dhaifu kwa kuhesabu.

Geli inaonyesha mikanda miwili inayokaribiana. Nimeuziwa protini chafu?

Huenda ni protini ileile yenye idadi tofauti ya fosfati. Itibu sehemu yake kwa fosfatasi ya lambda, ambayo huhitaji manganizi, na uipitishe kando ya isiyotibiwa. Mikanda ikiungana, umepata jibu. Mkanda wa kilodaltoni 26 chini ya protini ya GST ni hadithi nyingine: hiyo ni GST iliyovunjika, na hapo una haki ya kulalamika.

Bechi mpya ina nguvu tofauti na ya zamani.

Ni kawaida, na ndiyo sababu utendaji huandikwa kwa nanomoli kwa dakika kwa miligramu kwenye cheti cha kila bechi. Lakini namba hizo hutegemea sabstreti, ATP na joto la muuzaji, kwa hiyo za kampuni mbili hazilinganishwi moja kwa moja. Kabla ya bechi ya zamani kwisha, pima zote mbili siku moja, kwa imatinib na dasatinib. Kama mradi wako ni wa mwaka mzima, nunua bechi moja ya kutosha tangu mwanzo.

Naweza kuitumia kupima sampuli za wagonjwa, au kwa tiba?

Hapana. Imetengenezwa kwa utafiti pekee. Ufuatiliaji wa wagonjwa wa lukemia hii hufanywa kwa kupima RNA ya BCR-ABL1 kwa vipimo vilivyoidhinishwa, wala hauhitaji protini hii.

Kuna hatari gani kuishika?

Protini yenyewe haiambukizi. Glavu, koti na miwani vinatosha. Angalia zaidi vinavyoandamana nayo: vanadati ya sodiamu, inayotumika kuzuia fosfatasi, ni sumu, DTT inawasha, na DMSO hupenyeza kwenye ngozi chochote kilichoyeyushwa ndani yake, pamoja na vile vizuizi vyako vipya ambavyo sumu yake haijapimwa. Mabaki ya visima vyenye vizuizi yaende kwenye chupa ya taka za kemikali, yasimwagwe kwenye sinki.